Daktari, Wakili na Mhandisi: Historia ya Utitiri wa Ufukweni

Austria haina bahari. Mwenyeji wa mji wa Graz anayetaka kuoga maji ya chumvi hana budi avuke mpaka, aipite Slovenia, ndipo aione Adriatiki. Lakini siku hizi mtu akikwangua mwani kwenye mwamba wa Bermuda, Thailand au Okinawa, akakuta ndani yake mdudu wa miguu minane asiyejulikana jina, huenda kichupa chake kikaishia Graz, mezani pa Tobias Pfingstl wa chuo kikuu cha mji huo. Hapo ndipo spishi mpya nyingi za utitiri wa ufukweni zimepewa majina katika miaka ya karibuni. Ilikuwaje mji wa bara, wenye milima pande zake, ukawa ndio wa kuulizwa habari za viumbe wanaooshwa na mawimbi? Jibu lake ni refu, na linaanzia kwa daktari mmoja wa Uholanzi katika karne ya 18.

Kwanza tuwajue wenyewe. Utitiri tuliowazoea ni wale wa banda la kuku, wanaokuwasha mwili mzima ukiingia kuokota mayai, na wale wekundu wanaowatia hasara wakulima wa nyanya. Wote ni ukoo mmoja na buibui, nge na kupe: mkubwa ana miguu minane, ingawa mtoto huanguliwa akiwa na sita. Spishi zaidi ya 50,000 za utitiri zimeshapewa majina, na hakuna mtaalamu anayedhani kwamba kazi imekaribia kwisha. Wengi huishi udongoni, kwenye majani makavu, ndani ya manyoya ya ndege, hata kwenye vinyweleo vya nyuso zetu. Wachache wameichagua bahari, na hao wako wa namna mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Halakaridi ndio watu wa baharini kwelikweli. Huishi majini maisha yao yote, kuanzia mwani wa pwani hadi vilindi vya maelfu ya mita, na kioja chao ni kwamba hawajui kuogelea. Hutambaa tu na kung'ang'ania. Oribatidi wa pwani, kwa upande wao, ni jamaa wa utitiri wa udongo wenye gamba gumu. Mababu zao walitoka nchi kavu, wakashuka hadi ukanda wa maji kupwa na kujaa, wakafanya makazi hapo. Hawa bado hupumua hewa. Maji yakijaa hufunikwa, yakipwa hutoka kwenda kula mwani na kuvu. Wengi wao ni wadogo kama nukta iliyopigwa mwisho wa sentensi hii.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alitoa chapa ya kumi ya Systema Naturae, ambayo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Utitiri wote aliowafahamu aliwarundika katika jenasi moja, Acarus. Mmoja wao alikuwa wa pwani, Acarus littoralis, mwekundu, mwenye mdomo mrefu, mwepesi wa kukimbia juu ya miamba. Leo huitwa Neomolgus littoralis. Si ajabu kwamba huyo aliwatangulia wenzake kuandikwa. Kwa vipimo vya utitiri ni pandikizi, rangi yake inavuta macho, na hukimbia mahali pa wazi mtu akimwona. Waliobaki ilibidi watafutwe.

Katika miaka hiyohiyo ya 1750 kulikuwa na daktari aitwaye Job Baster katika mji mdogo wa Zierikzee, jimbo la Zeeland, ambako bahari imeikata nchi vipandevipande. Baster alikuwa akitibu wagonjwa, na saa zake za ziada alizitumia kwenye hadubini akichungulia mwani na vijinyama vilivyojishikiza humo. Katika kuchungulia kwake akaona utitiri wakitambaa ndani ya maji ya bahari, akaandika habari zao. Ndiyo taarifa ya kwanza tuliyonayo ya halakaridi. Ikapita karibu miaka 80. Mwaka 1836 daktari mwingine, George Johnston wa Berwick-upon-Tweed, mpakani mwa Uingereza na Scotland, akamwita utitiri mmoja wa bahari basteri kwa heshima ya yule Mholanzi. Leo mdudu huyo huandikwa Thalassarachna basteri (Johnston, 1836). Mabano hayo hayakuwekwa kwa urembo. Ni kanuni ya wataalamu wa wanyama: jina la mtoaji likifungiwa ndani ya mabano, ujue spishi imehamishwa kutoka jenasi iliyowekwa kwanza. Basi mdudu huyu asiyefikia hata unene wa kiberiti amebeba madaktari wawili, mmoja ndani ya jina na mwingine pembeni.

Nimewataja madaktari kwa makusudi. Katika historia hii, watu walioajiriwa kutazama utitiri ni wachache, tena walichelewa kufika.

Miaka ya 1850 Waingereza walipandwa na wazimu wa aina yake. Philip Henry Gosse, mwandishi aliyeshinda kwenye pwani za Devon na Dorset akichunguza madimbwi ya miambani, alitoa mwaka 1854 kitabu kilichowafundisha watu kufuga viumbe vya bahari ndani ya tangi la kioo sebuleni. Kikapendwa mno. Familia nzima zikashuka ufukweni na ndoo na nyundo. Mwaka uliofuata Gosse mwenyewe akaanzisha jenasi Halacarus, ambayo ndiyo iliyoipa jina familia yote ya halakaridi. Baadaye mwanawe Edmund, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri kuliko baba, alieleza kwa uchungu jinsi umati uliofuata vitabu vile ulivyoyakomba madimbwi hadi yakabaki matupu. Utitiri walisalimika kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wapo.

Mjini London alikuwako wakili, Albert Davidson Michael. Kazi yake ya kila siku ilikuwa sheria. Kitu alichokipenda kilikuwa oribatidi. Mwaka 1882 alimwandika utitiri wa miamba ya pwani ambaye leo anaitwa Ameronothrus maculatus, na kati ya 1884 na 1888 akatoa majuzuu mawili juu ya oribatidi wote wa Uingereza. Sifa ya Michael ni kwamba hakuridhika kutazama maiti tu. Aliwafuga, akawasubiri wakue. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu utitiri mchanga na utitiri mpevu huweza kutofautiana hata ukadhani hawana udugu, na waandishi wa kabla yake walikuwa wameshawapa watoto na wazazi majina tofauti kama spishi mbalimbali. Mtu pekee awezaye kumaliza ubishi wa namna hiyo ni yule aliyemwona mtoto akijivua gamba na kutoka mzazi.

Kwa Wajerumani mambo yalikwenda kwa utaratibu wa taasisi. Hans Lohmann wa Kiel, kijana wa miaka 26, alitoa mwaka 1889 uchunguzi wa utitiri wa Bahari ya Baltiki, na kwa mara ya kwanza halakaridi wakapangwa katika jenasi zenye mantiki, kwa kuangalia mdomo, mabamba ya mgongoni na viungo vya miguu. Mwaka huohuo Victor Hensen aliongoza msafara wa meli National kuvuka Atlantiki kuchunguza planktoni, na utitiri waliopatikana katika msafara huo wakaangukia mikononi mwa Lohmann. Taarifa yake ilitoka 1893. Wafaransa nao walikuwa wametuma msafara wao Cape Horn, ncha ya Amerika ya Kusini, mwaka 1882 hadi 1883. Kutoka huko kikaja kikundi kingine tofauti kabisa cha utitiri wa mwani, wenye ngozi laini, na jenasi yao ikaitwa Hyadesia kumkumbuka Hyades, daktari wa msafara. Daktari tena.

Sasa tumefika kwa mtu ambaye bila yeye kazi nzima ya leo isingeeleweka. François Grandjean alizaliwa Ufaransa mwaka 1882. Alikuwa mhandisi wa migodi na mtaalamu wa madini, mtu wa fuwele na mawe, na alishajijengea jina katika hayo kabla hajageukia utitiri. Alipogeuka alikuja na vifaa vyake. Wachunguzi wa madini hutumia hadubini yenye mwanga uliochujwa ili utetemeke upande mmoja tu. Fuwele likiwekwa chini ya mwanga huo hung'aa kwa namna inayolitambulisha. Grandjean akauelekeza mwanga huohuo kwenye vinyweleo vya utitiri. Vya baadhi yao vikang'aa, vya wengine vikabaki giza. Mwaka 1935 akaeleza kwamba ndani ya vinyweleo vinavyong'aa mna kiini cha kitu maalumu, na kwamba kwa alama hiyo moja utitiri wote wanagawanyika matawi mawili makubwa. Oribatidi na halakaridi wako upande wa wanaong'aa. Kupe yuko upande wa giza. Watu walikuwa wamewatazama wadudu hao kwa zaidi ya miaka 200 bila kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumulika mnyama kwa taa ya mawe.

Jambo la pili alilolifanya Grandjean lina kuchosha kwake, na ndilo lililodumu zaidi. Alikipa kila kinyweleo alama yake. Mgongoni, tumboni, kwenye kila pingili ya kila mguu, kinyweleo kina mahali pake na jina lake la herufi, na mtu wa Japani akiandika herufi hizo mtu wa Brazili anajua ni unywele upi unaozungumzwa. Alifuatilia kila kimoja tangu utitiri anapoanguliwa hadi anapopevuka, akiandika kinachoongezeka na kinachopotea. Kwa nini nywele? Kwa sababu rangi hufifia ndani ya spiriti, mwili hujaa au kusinyaa kwa chakula, lakini idadi na mahali pa vinyweleo ni kama mtu alivyopigiwa hesabu tangu tumboni.

Namna yake ya kutazama bado inatumika, na inafaa kuelezwa. Utitiri aliyekufa hutiwa ndani ya asidi ya laktiki, ambayo baada ya siku au wiki humfanya awe wa kupenya mwanga, nyama ikayeyuka na gamba likabaki. Kisha huwekwa kwenye kioo kilichochimbwa kishimo katikati, akafunikwa nusu kwa kioo chembamba. Mchunguzi hukisogeza kile kioo chembamba kwa ncha ya kidole, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na utitiri aliye chini yake hubingirika: sasa mgongo, sasa ubavu, sasa tumbo. Kila mkao huchorwa kwa kalamu. Picha ya kamera haijaweza kuchukua nafasi ya mchoro huo, maana kamera huona kina kimoja kwa wakati, na mchoraji huunganisha vina vyote kichwani mwake ndipo aweke mstari. Spishi moja huweza kula wiki kadhaa za mtu mzima mwenye akili timamu.

Kufikia katikati ya karne ya 20 oribatidi wa pwani waliojulikana walikuwa karibu wote wa nchi za baridi, hasa wale wa jenasi Ameronothrus. Hao ni wavumilivu wa ajabu. Mmoja wao, Ameronothrus lineatus, hukaa Svalbard, jirani na Ncha ya Kaskazini, ambako kiangazi ni kifupi kiasi kwamba utitiri huyo huchukua miaka kadhaa kukua. Ilidhaniwa kwamba hadithi ya oribatidi baharini ni hadithi ya baridi. Halafu mwaka 1960 L. van der Hammen, wa makumbusho ya Leiden, akamwandika Fortuynia marina kutoka ukanda wa kupwa na kujaa wa Guinea Mpya, iliyokuwa bado chini ya Waholanzi. Mwaka uliofuata Mjerumani Karl Strenzke akamleta Selenoribates kutoka Bahari ya Shamu. Kumbe pwani za joto zilikuwa na wa kwao, tena wa familia ambazo hakuna aliyezijua.

Fortuynia ana kitu ubavuni ambacho hadi leo kinaitwa kiungo cha van der Hammen: vijimifereji kwenye gamba, vinavyotunza hewa wakati maji yamemfunika. Hapigi mbizi kutafuta hewa wala hana yavuyavu kama samaki. Hubaki tu palepale kwenye ufa wa mwamba akiwa amevaa utando wa hewa, akingoja maji yapwe.

Hapa ndipo Graz inapoingia. Reinhart Schuster, mwalimu wa zuolojia katika chuo kikuu cha mji ule, alianza kuwafuatilia utitiri wa pwani tangu enzi za Grandjean. Mfaransa yule alimheshimu hata akaiita jenasi mpya kwa jina lake: Schusteria, mwaka 1968, Grandjean akiwa na umri wa miaka 86 na bado yuko kwenye hadubini. Schuster alisafiri, akakusanya, akafundisha. Mwanafunzi anapofundishwa na mtu wa namna hiyo, umbali wa bahari haumzuii. Kinachotakiwa ni makusanyo, vitabu na mtu wa kumsahihisha michoro. Bahari huenda kuitembelea. Ndiyo siri yote ya Graz, na naona inatosha.

Kisiwa kimoja walichokitembelea ni Bermuda, kilicho peke yake katikati ya Atlantiki ya kaskazini, karibu kilomita 1,000 kutoka bara la Amerika. Mwaka 2008 Günther Krisper na Schuster walimwandika Fortuynia atlantica kutoka huko. Mwaka 2012 Pfingstl na Schuster wakaongeza jenasi mpya, Carinozetes, na spishi yake Carinozetes bermudensis. Swali likawa ni wamefikaje. Utitiri hawana mabawa, hawaogelei, na kisiwa chenyewe kilitoka baharini kwa volkano, hakikuwahi kushikana na bara. Pfingstl akawatia majini makusudi, wengine maji ya chumvi na wengine maji baridi, akahesabu walio hai. Ndani ya maji ya bahari waliishi wiki nyingi. Muda huo unatosha mkondo wa Ghuba, unaopanda kutoka Karibi na Florida, kumfikisha utitiri kisiwani akiwa ameng'ang'ania kipande cha mwani au gogo, au hata akielea na maji tu.

Halafu ukaja mkasa wa mikoko. Huko Bermuda Carinozetes walipatikana kwenye miamba na pia kwenye mizizi ya mikoko. Kwa macho, hata kwa hadubini, walikuwa sawa, na mtu mwenye haraka angewaweka chupa moja. Pfingstl na wenzake wakawapima mmoja mmoja, urefu wa hiki na upana wa kile, kisha wakalinganisha vinasaba vyao. Vipimo vilijigawa makundi mawili, na vinasaba vikasema vivyo hivyo. Mwaka 2014 wa mikokoni akapewa jina lake, Carinozetes mangrovi. Umbali kati ya mwamba wa huyu na mti wa yule unaweza kuwa hatua chache za mtu. Uchunguzi wa baadaye wa kucha ukaonyesha mantiki yake: kwa kawaida utitiri wa pwani wanaoishi miambani wana kucha nene zilizopinda sana, maana wakiachia wimbi linawachukua, na wa mikokoni wana kucha nyembamba zaidi, za kushikilia gome na mwani mahali palipotulia.

Kwa upande wa halakaridi, kazi iliangukia mabegani mwa watu wachache vilevile. Mmarekani Irwin Newell alitoa mwaka 1947 kitabu kilichowapanga wa pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Baada yake akaja Ilse Bartsch wa Hamburg, ambaye tangu miaka ya 1970 ameandika mamia ya spishi kutoka karibu kila bahari. Orodha yake ya mwaka 2009 ilikuwa na spishi zaidi ya 1,000. Kuna wataalamu wanaosifiwa kwa spishi moja ya nyani au ndege. Huyu mama ameipa dunia mamia, na nje ya watu wa utitiri jina lake halijulikani.

Mwaka 2019, nchini Japani, mpiga picha wa kujifurahisha alikwenda kuvua kwa ndoana bandarini Choshi, mkoa wa Chiba. Akaona vidudu vimejikusanya kwenye ukuta wa zege. Akavipiga picha kwa ukaribu, akaziweka Twitter. Satoshi Shimano, profesa wa Chuo Kikuu cha Hosei, akaziona. Yeye ni mtu wa utitiri, na picha zilikuwa safi kiasi cha kumtia shaka kwamba hao si wa kawaida. Akamtafuta mpiga picha, utitiri wakakusanywa, Pfingstl akashirikishwa kutoka Graz. Mwaka 2021 ikatangazwa spishi mpya: Ameronothrus twitter. Haukupita muda mrefu akafuata ndugu yake, Ameronothrus retweet. Wapo waliokunja uso kwa majina hayo. Mimi sioni kosa, ila lisiandikwe kwamba mtandao ule haujawahi kuzaa spishi kabla ya hapo. Mwaka 2020 kuvu wa jenasi Troglomyces alishaitwa twitteri baada ya kuonekana kwenye picha ya jongoo iliyowekwa humohumo.

Kuna jambo lililonipendeza kuliko jina. Japani ni nchi ndefu, na pwani zake za kaskazini ni baridi ilhali visiwa vyake vya kusini ni vya matumbawe na mikoko. Kwa hiyo ndani ya nchi moja mnapatikana Ameronothrus wa baridi na pia Fortuynia na jamaa za Selenoribates wa joto. Zamani wote waliwekwa chini ya paa moja kwa sababu wanaishi namna moja. Vinasaba vinaashiria vingine: wa baridi na wa joto yaelekea waliingia pwani kila mmoja kwa safari yake, kutoka kwa mababu tofauti wa nchi kavu. Wanafanana mwenendo kwa sababu bahari imewafundisha mambo yaleyale. Mpangilio wa familia hizi bado unabishaniwa, na atakayeumaliza ubishi atahitaji utitiri wengi zaidi kutoka pwani nyingi zaidi.

Jina la twitter, hata hivyo, halibishaniwi tena. Kampuni yenyewe ilijibadilisha jina mwaka 2023 ikawa X. Utitiri hakubadilika, wala hawezi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hulinda jina lililotangulia kutolewa kihalali. Mfano wake halisi, ule mmoja uliochaguliwa kuwa kipimo cha wote, umehifadhiwa ili yeyote akiwa na shaka akatazame.

Bara letu nalo lina ukurasa wake. Mwaka 2002 David Marshall na Philip Pugh waliandika habari za Fortuynia wa pwani za kusini mwa Afrika, wakiwamo wapya. Familia hizo za joto zinapenda hasa vitu tulivyonavyo kuanzia Lamu hadi Mtwara: miamba ya matumbawe yenye nyufa, mwani mfupi unaoota mahali maji yanapofika na kuondoka, na mizizi ya mikoko. Kazi haihitaji mashine kubwa. Mwani hukwanguliwa kwa kisu, ukawekwa juu ya wavu ndani ya faneli, ukawashiwa taa juu yake. Joto na ukavu huwasukuma utitiri kushuka hadi kwenye kichupa cha spiriti kilichotegwa chini. Faneli hiyo ilibuniwa na Mwitaliano Antonio Berlese mwanzoni mwa karne iliyopita, ikaongezewa taa na Msweden Albert Tullgren, na fundi bati yeyote anaweza kuitengeneza.

Wewe mwalimu wa sayansi wa Kilwa, wewe muuguzi wa Malindi mwenye Jumapili ya mapumziko, nawe kijana wa Pemba mwenye simu ya kamera nzuri, shuka pwani bamvua ijayo maji yakishapwa. Chukua kikuza cha mkononi, inama kwenye nyufa zenye mwani, tazama kisichokimbia haraka. Piga picha, andika mahali, tarehe na urefu wa jiwe kutoka maji yanapofika, kisha mpelekee mtaalamu wa wadudu katika chuo kikuu kilicho karibu nawe. Usikwangue zaidi ya unachohitaji.